Ukungu ndani ya taa za gari: upi wa kuuacha na upi wa kuufungulia taa

Mvua za Novemba zikishaingia Mbeya, na baadaye baridi ya Juni ikishakolea, magrupu ya wenye magari huanza kupokea picha za aina moja: taa ya mbele ya Corolla, Mark II au Noah, ndani imefunga ukungu, na chini yake maneno, "Jamani, taa imeingia maji, nifanyeje?" Nusu saa haipiti majibu yameshajaa, kila moja linamkana mwenzake. Toboa tundu kwa chini, maji yatoke. Paka silikoni kuizunguka taa yote, isipitishe hata hewa. Tia mchele. Washa taa usiku kucha. Na hakosekani mwenye duka la spea anayesema hiyo imeshakufa, njoo uchukue nyingine.

Wote hao hawasemi uongo. Kila mmoja ana gari moja kichwani ambalo dawa yake ililifaa. Picha ndizo zinazofanana. Magonjwa yenyewe hayafanani, na dawa ya moja huweza kulikuza jingine.

Basi tuyatenganishe. Kuna ukungu, yaani utando mwembamba wa unyevu ulioganda upande wa ndani wa kioo. Ukipitisha kidole kwa nje haufutiki. Kuna maji, yaani matone manene yanayotiririka, au kidimbwi kinachocheza chini ya taa gari likikata kona. Na kuna kioo kilichofifia, kimegeuka manjano au cheupe na ukikigusa kwa nje kinakwaruza. Hili la tatu halihusiani kabisa na unyevu, lakini watu wengi hulichanganya na mawili ya kwanza, hasa kwenye picha ya simu.

Nasema kioo kwa mazoea tu. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990 hicho kioo ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Nyuma yake kuna kiakisi, ile sahani inayong'aa inayorusha mwanga mbele. Nyuma ya glopu kuna kava la plastiki au la mpira. Vyote vimebebwa na boksi jeusi la plastiki lililogundishwa kwenye kioo kwa gundi ya mpira. Ukivijua hivyo vinne, yanayofuata hayatakupa shida.

Taa huvuta hewa, na inatakiwa ivute

Wazee walioendesha Land Rover na Land Cruiser za zamani wana sababu nzuri ya kuamini kwamba taa nzima haipitishi kitu. Taa nyingi za magari yale, zile za duara za inchi 7, zilikuwa kitu kimoja: kioo, kiakisi na waya wa kuwaka vimefungwa pamoja kiwandani, hakuna mlango. Marekani ilizilazimisha kwenye magari yake kuanzia 1940, na ikaja kuruhusu taa za kubadilisha glopu mwaka 1983. Taa ya namna ile ikiingia maji imekwisha, unang'oa yote unaweka nyingine. Kwa hiyo mzee akikwambia taa haitakiwi kupitisha hata hewa, anaisema kweli taa yake.

Ya kwako ni nyingine. Ina mlango wa glopu kwa nyuma, na ina matundu ya hewa, mara nyingi mawili au zaidi, yaliyowekwa kwa makusudi. Ichomoe uigeuze utayaona: vijibomba vifupi vya plastiki, vingine vimevalishwa kipande cha mpira kilichopinda kutazama chini, vingine vimefunikwa kwa utando mwembamba unaopitisha hewa na kukataa maji.

Matundu hayo yana kazi. Glopu ya H4, iliyojaa kwenye magari yetu, hula wati 55 ukiwa kwenye dimu na wati 60 ukipiga fuli, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 inatanuka kwa asilimia 15 hivi. Taa yenye nafasi ya lita 10 itatoa nje kama lita moja na nusu ya hewa. Ukizima taa na kupaki, inaivuta tena ndani. Sasa ziba matundu yote uone: ile hewa itaisukuma gundi ya kioo kila siku, asubuhi na jioni, mpaka ipate penye udhaifu. Ikishapapata, taa itakuwa inavuta hewa kupitia kwenye ufa wa gundi, mahali ambapo maji ya mvua ndipo yanapotuama.

Huku kwetu milima nayo inaongeza lake. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa kule Kyela halifiki mita 500. Gari likishuka, mgandamizo wa hewa unaongezeka kwa takriban asilimia 15, na hewa ya Kyela, yenye joto na iliyoshiba mvuke, inasukumwa kuingia kwenye taa. Jioni mwenye gari ameshapakia magunia yake ya mchele, anapanda kurudi kwa njia ya Tukuyu, anaipita Isyonje kwenye baridi, analala Uyole. Asubuhi taa zote mbili zimefunga, naye anaanza kutafuta palipopasuka wakati hapajapasuka kitu.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, ya baridi hubeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba gramu 23 hivi za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Inayozidi inageuka maji na kushika kwenye chochote cha baridi kilicho karibu, na ndani ya taa cha baridi kuliko vyote ni kioo. Ukipanda daladala ya alfajiri pale Mwanjelwa mwezi wa saba utakuta madirisha yote yamefunga kwa pumzi za abiria, mtoto anachora jina lake kwa kidole, na sijasikia abiria akimwambia konda kwamba dirisha linavuja.

Sasa tupige hesabu ndogo, maana hapa ndipo ugomvi wa kwenye magrupu unapokatika. Lita 10 ni sehemu moja ya mia ya mita ya ujazo. Hata taa hiyo ijae hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba mvuke kabisa, halafu ipoe hadi nyuzi 10, kitakachodondoka ni kama gramu 0.14 za maji. Ni matone matatu. Matone matatu yakitandazwa juu ya kioo chote yanatoa picha ya kutisha, lakini kidimbwi hayawezi kukifanya. Ukikuta chini ya taa maji ya kujaa kijiko kimoja cha chai, mililita 5, hayo hayakuja na hewa ya usiku mmoja. Yameingia yakiwa maji, na yana mlango yalioingilia.

Kwa hiyo ukungu mwembamba, hasa kwenye kona zilizo mbali na glopu, unaoondoka ndani ya nusu saa hivi ya kuendesha taa zikiwa zinawaka au jua likipiga, uache. Angalia pia taa ya pili. Zikifunga zote mbili kwa kiasi kinachofanana, hiyo ni hali ya hewa. Ikifunga moja tu huku mwenzake ni kavu, usibishane, ina tatizo. Vivyo hivyo ukiona matone badala ya utando, ukiona mstari wa uchafu unaoonyesha maji yalifika wapi, au saa saba ya jua kali ukungu bado upo.

Maji yanapoingilia

Kwenye gari la miaka 15 au 20, wa kwanza kushukiwa ni kava la nyuma. Mpira wake umekakamaa, haukumbatii tena. Au halipo kabisa: siku ya kubadilisha glopu fundi alikuwa na haraka, akaliweka juu ya betri, gari likaondoka nalo mpaka kwenye tuta la kwanza. Nimeona taa ambayo kava lake ni mfuko wa plastiki uliofungwa kwa tepu nyeusi, na mwenye gari anashangaa kwa nini taa yake inalia.

Siku hizi kosa hili limepata sababu mpya, nayo ni glopu za LED za kubadilishia. Nyingi zina feni au mapezi ya kupoozea kwa nyuma, zinakuwa ndefu kuliko nafasi iliyopo, kava haliwezi kufunga. Fundi analikata tundu au analiweka pembeni. Juu ya hapo, glopu ya zamani ilikuwa inarusha joto mbele na kukausha kioo. LED joto lake linabaki nyuma, kwa hiyo hata ukungu wa kawaida unachukua muda mrefu kuondoka. Wanaosema "tangu niweke LED taa inaingia maji" wamelishika jambo kwa mkia. LED yenyewe haina kosa, kosa liko kwenye kava lililoachwa wazi. Ukitaka kubaki nazo, tafuta fupi zinazoingia ndani ya kava, au kava refu la mpira la kuvalishia.

Anayefuata ni oringi ya glopu, ule mduara mdogo wa mpira kwenye shingo ya glopu. Ukipasuka au glopu ikakaa upande, unyevu una njia. Oringi zinauzwa, na ni kitu cha bei ndogo ambacho watu hawakikumbuki.

Halafu matundu ya hewa yenyewe. Kwenye gereji moja pale Soweto, Mbeya, nilimwangalia fundi akichomoa kimpira cha hewa kwenye taa ya Carina iliyokuwa haikauki. Badala ya uwazi kulikuwa na udongo mwekundu mkavu, umeshindiliwa hadi ukingoni, ukaguswa kidogo ukakatika vipande. Ndani ya udongo mlikuwa na buibui wakavu wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine. Ni nyigu wa udongo, hujenga namna hiyo na kuwawekea watoto wake chakula humo. Fundi alisema, "Dada, taa yako ilikuwa imefungwa pua." Akautoa kwa kijiti na maji ya uvuguvugu, taratibu, hakupuliza kompresa, kompresa ingeusukumia udongo ndani kwenye kiakisi. Mwenye gari aliambiwa arudi baada ya wiki, na sikusikia kwamba alirudi kulalamika.

Tundu moja likizibwa, hewa inakosa mzunguko, kwa kuwa kwa kawaida moja liko chini na jingine juu ili hewa iingie huku na kutokea kule. Angalia pia kimpira kilirudishwaje. Mdomo wake utazame chini. Ukiugeuza juu umeweka mrija wa kukinga mvua.

Gundi ya kuzunguka kioo huja baada ya hao, ingawa watu huanza nayo. Ni gundi nyeusi isiyokauka kabisa, iliyomwagwa kwenye mfereji wa boksi. Miaka ya jua, baridi na mitetemo ya barabara za kokoto inaivuta mpaka inaachia, mara nyingi kwenye kona ya juu. Gari lililowahi kugongwa mbele lina hatari zaidi: masikio ya kufungia taa yaliungwaunga, taa ikakaa kwa kuvutana, na kila tuta linaipanua gundi kidogo. Pia kuna nyufa za nywele kwenye kioo, za mawe ya barabarani. Mchana huzioni. Ingia mahali penye giza, mulika tochi kutoka ndani kupitia tundu la glopu, ufa utang'aa.

Na wapo waosha magari. Umetoka Tunduma usiku, taa zimewaka safari nzima, ukapitia kuosha gari kabla ya kulala. Taa bado ya moto, inapigwa na maji baridi ya presha. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla, taa inavuta kwa nguvu, na kwenye kila upenyo kuna maji yanayosubiri. Taa yenye gundi nzuri inaweza kuyakataa, ya miaka 20 haiwezi. Mwambie kijana asubiri taa zipoe, na bomba lisisogezwe kwenye maungio ya taa wala lisipigwe boneti ikiwa wazi.

Kumpata mkosaji kabla ya kufungua silikoni

Kosa kubwa ninaloliona ni watu kuanza kuziba kabla ya kujua wanaziba nini. Silikoni inapakwa kuizunguka taa yote kwa nje, nene, juu ya vumbi, mvua ikinyesha kesho. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Unyevu uliomo unafungiwa ndani, matundu ya hewa yanazibwa pamoja na ufa, na fundi wa baadaye atakayetaka kuifungua taa vizuri atakulaani.

Kausha taa kwanza (nitaeleza namna), irudishe, kisha chukua mpira wa maji wa kawaida usio na presha. Anza chini. Mwagia ukingo wa chini wa taa kwa dakika tano, simama, chungulia. Halafu pembeni. Halafu ukingo wa juu, mwisho nyuma ya taa boneti ikiwa wazi, kwa maji kidogo na mbali na vifaa vya umeme. Ukianza juu maji yatateremka kila mahali na hutajua ni wapi palipopitisha. Karatasi laini ya chooni ikiwekwa kavu nyuma kuzunguka kava itakuonyesha pa kwanza kulowa.

Ukiwa na subira, iteremshe taa kabisa. Kwenye magari mengi ya Toyota za zamani ni nati chache za spana namba 10, mengine yanadai bampa au shoo, yaani wavu wa mbele, ishuke kwanza. Ziba matundu ya hewa kwa tepu, chomeka kipande cha mpira wa maji kwenye tundu la glopu na uzungushie tepu, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, kisha pulizia kwa mdomo. Kwa mdomo tu, kompresa itaachanisha kioo na boksi. Povu litachemka penye ufa. Mara nyingi ni sehemu ya urefu wa kidole, huku gundi iliyobaki yote ikiwa nzima.

Usisahau kuondoa tepu kwenye matundu.

Kukausha na kuziba

Ukiacha taa mezani, glopu na makava vikiwa nje, mdomo wa nyuma ukitazama chini, jua la mchana wa kiangazi linafanya kazi nzuri. Kiangazi cha huku hewa ni kavu, na hiyo ni faida ambayo mwenzetu wa Tanga hana. Msimu wa mvua tumia mashine ya kukaushia nywele kwenye moto mdogo, ikipuliza kupitia tundu la glopu na hewa ikitokea upande wa pili. Jiko la mkaa liache lipike. Plastiki haina subira na mkaa, na sura ya taa ikishajikunja hairudi.

Usifute kiakisi. Kuna kishawishi kikubwa cha kupitisha kitambaa kwenye fimbo ili kutoa madoa. Ule mng'ao ni ngozi nyembamba mno ya alumini, unaondoka na kitambaa, na taa yenye kiakisi kilichokwaruzwa haitamulika tena vizuri hata ukiweka glopu ya namna gani. Kama kuna matope, suuza kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi, soma chupa), yamwage, kisha kausha. Maji ya bomba huacha madoa meupe ya chumvi.

Ufa mdogo wa gundi unazibwa kwa nje. Kwangua gundi iliyooza, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke, paka silikoni nyembamba ukiisukuma iingie ndani ya mfereji, acha saa 24 kabla ya kuirudisha taa. Silikoni nazo zina aina. Ile yenye harufu kali ya siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo hula alumini ya kiakisi na vichwa vya nyaya. Tafuta isiyo na harufu ya siki. Dukani omba uinuse, muuzaji atakushangaa lakini atakupa.

Gundi ikiwa imechoka kote, taa inafunguliwa. Boksi linapashwa moto wa nyuzi 90 hadi 100 kwa dakika kumi hivi kwenye oveni, gundi inalainika, kioo kinavutwa taratibu kwa mikono miwili, mfereji unasafishwa, gundi mpya inawekwa. Kazi hii naomba umpe fundi aliyewahi kuifanya, na mwulize kwanza: kama kioo ni cha polikaboneti, kama kuna skrubu au klipu zilizofichwa, kama gundi ni ile inayolainika kwa moto. Baadhi ya taa zimegundishwa kwa gundi ngumu isiyolainika, na huko ukilazimisha unavunja. Na oveni iwe ya gereji. Ya nyumbani inayookea mikate ya watoto itabaki na harufu, na maelezo utayatoa mwenyewe kwa mama mwenye nyumba.

Mchele, basi. Mchele wa Kyela ni wa kula. Unavuta unyevu kidogo sana, unaacha unga wake kwenye kiakisi, na punje moja ikijificha ndani itazunguka humo hadi gari linauzwa. Vile vipakiti vyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinavuta unyevu kweli, lakini vikishajaa vimejaa, haviwezi kushindana na ufa unaoleta maji kila mvua. Viweke baada ya kuziba ukitaka, mbali na glopu, kumalizia unyevu uliobaki.

Kuwasha taa usiku kucha kunapasha maji yageuke mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea unarudi kuwa maji alfajiri. Ulichopata ni betri iliyokwisha.

Kuhusu kutoboa nina msimamo ambao mafundi wengi hawaupendi. Tundu la milimita tatu chini ya taa ya mbele litatoa maji, ni kweli, na wiki hiyo hiyo litaanza kuingiza vumbi. Barabara ya vumbi ya msimu mmoja tu inatosha kukipaka kiakisi rangi ya udongo, na tumeshasema hakifutiki. Ninalikubali kwenye zile taa ndogo za kumulikia ukungu wa barabarani, za chini ya bampa, za gari la kazi, ambazo hakuna spea yake na mwenye gari amekubali hasara. Kwenye taa kubwa, hapana.

Na dawa ya meno ambayo watu husugulia taa? Hiyo ni ya ugonjwa wa tatu, kioo kilichofifia kwa nje kwa kuunguzwa na mionzi ya jua. Mionzi hiyo inaongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000, ndiyo maana magari ya Njombe na Makete taa zinakuwa za manjano licha ya baridi yote ile. Dawa ya meno inasugua kidogo, inang'aa wiki chache, inarudi. Kazi ya kudumu ni msasa wa maji, kuanzia namba 800 kwenda 1,500 hadi 2,000 na kuendelea, kisha polishi, kisha vanishi angavu inayozuia mionzi ya jua. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho umekivua kioo nguo.

Taa za nyuma zina tabia yake

Huku nyuma tatizo mara nyingi liko kati ya taa na bodi. Kuna sponji au mpira uliobanwa hapo, ukishakauka maji yanapita pembeni ya taa na kuingia kwenye buti. Mtu anasikia zulia la buti limelowa, linanuka, anadhani ni mpira wa mlango wa buti. Inua zulia, mwambie mtu amwagie maji taa moja moja huku wewe uko ndani na tochi. Dawa ni kubadilisha sponji, au kuweka utepe wa gundi ya mpira kuzunguka, kisha kukaza nati kwa zamu bila kuzivunja skrubu za plastiki.

Soketi za glopu za nyuma zikiota kutu ya kijani, indiketa inaanza kuwaka haraka haraka au breki ikikanyagwa inawaka taa isiyohusika. Hapo unyevu umeshaanza kuchezea umeme, na trafiki wa Igawilo hatataka kusikia habari za sponji. Sugua soketi kwa msasa laini, paka grisi kidogo, na kaza waya wa negativu.

Zipo taa ambazo kuhangaika nazo ni kupoteza siku: kiakisi kimebabuka na kuonyesha plastiki, kioo kimepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, boksi limeyeyushwa na glopu ya wati 100 iliyowekwa kimabavu. Hizo badilisha. Kati ya taa mpya ya kuiga na ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani, mimi huchagua ya mtumba, kwa kuwa gundi ya zile za kuiga mara nyingi inaachia mapema. Lakini ya mtumba usiinunue kwa kuitazama usoni tu. Igeuze. Hesabu masikio ya kufungia, chungulia kiakisi kwa tochi, tikisa usikie kama kuna kinachocheza ndani, na hakikisha vimpira vya hewa na makava ya nyuma vipo. Makava ndiyo yanayopotea njiani, na muuzaji akikwambia yatapatikana baadaye, mwambie na hela itapatikana baadaye.